Setilaiti za Mataifa Manne na Bibi Harusi Mmoja

Nina diploma ya mawasiliano, na nyumba ninamoandikia haya niliijenga kwa jasho la Doha. Nayasema mapema kwa sababu mbele huku sifa zangu zinapungua.

Wakati ule kulikuwa na vita karibu na Ghuba. Kila jioni, chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, niliwaeleza wenzangu kwamba nchi ya leo hujilinda kuanzia angani: mwenye setilaiti humwona adui kabla hajavaa viatu, na anayemwogopa huvuruga mawimbi yake ili makombora yapotee njia. Walinisikiliza. Rimoti ya kiyoyozi nilikuwa nayo mimi.

Ijumaa moja rafiki yangu alikuwa anaoa, nami nikapewa heshima ya kumpeleka bibi harusi kanisani Mesaimeer. Kule makanisa hugawana ukumbi kwa zamu. Sisi tulipewa muda wa saa moja tu. Baada yetu wangeingia Wafilipino, na zamu yetu ingetupita, harusi ingesubiri miezi. Njia yenyewe sikuijua. Siku zote nilikwenda kwa basi la kanisa, nimelala.

Tulipoondoka tu, ramani ya simu ikaonyesha gari letu liko baharini.

“Shemeji,” bibi harusi akasema, “si kila jioni unawaambia wenzako mawimbi yanavurugwa?”

“Ya watu wengine. Simu yangu inasoma setilaiti za mataifa manne.”

Niliamini kabisa. Ramani ikaniamuru kulia, kisha kulia tena, nami nikatii kama kuruta. Tukaishia Al Rayyan, upande mwingine kabisa, mbele ya ukuta wa jumba la mtu.

Shangazi wa bibi harusi, aliyekaa nyuma na keki mapajani, akauliza taratibu, “Kwa hiyo sisi ndio kombora?”

Simu ya bibi harusi ikalia. Aliisikiliza, akaikata. “Wafilipino wamefika mlangoni,” akasema.

Nilirudi barabara kuu. Hapo likatupita basi limejaa wanawake wenye majoho ya kwaya.

“Lifuate,” shangazi akasema. “Na hiyo simu ilete huku.”

Tuliingia dakika za mwisho za zamu yetu. Mchungaji aliruka mahubiri, akaruka na nyimbo. Wafilipino walisimama kandokando ya kuta na magitaa yao, wakitazama saa. Bibi harusi alijibu “Ndiyo” kabla swali halijaisha, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kupiga makofi.