Mpishi wa Dawa ya Uongo

Gari lililomleta mgeni lilikufa mlimani, akaingia kituo cha utafiti kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliyempokea hakuwa daktari. Alikuwa mpishi, mama wa makamo, aliyemketisha kwenye benchi la jikoni na kumwekea vikombe viwili.

"Onja, mwanangu. Kimoja dawa, kimoja uongo."

Mgeni alionja, akakunja uso mara mbili. Hakuona tofauti.

"Wagonjwa nao hawaioni. Ndiyo kazi yangu."

Dawa ya kweli ilitoka kwenye magome ya mzizi, nayo ilikuwa ikijaribiwa kwa watu wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Ya uongo aliipika yeye: maji, shubiri, na sukari iliyoungua ili rangi zilingane. Nusu ya wagonjwa walikunywa hii, nusu ile, kwenye chupa zinazofanana, bila kuambiwa nani kapewa ipi. Wote waliendelea na sindano zao za kila mwezi za kutuliza sauti hizo.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake mpishi, kitindamimba, fundi viatu aliyewahi kung'oa mlango wa nyumba akidai majirani wamejificha ndani ya mbao. Tangu aanze zile chupa alikuwa akilala, akinyoa ndevu, na amerudia kushona viatu. Dada mtu alimshukuru Mungu, kisha mzizi.

Sasa utafiti ulikuwa umefungwa. Asubuhi ile daktari alimwita mpishi pembeni, akafuta miwani isiyo na uchafu.

"Mzizi umewasaidia wachache tu. Ndugu yako hakupewa mzizi, mama. Alikunywa yako."

Mpishi alikuwa bado akiisugua sufuria safi pale mdogo wake alipotokea mlangoni kumchukua.

"Dada! Nipe chupa zilizobaki. Sindano sitaki tena, inanikaza shingo kama mbuzi anayepelekwa mnadani."

Mpishi akinyamaza, kijana ataacha sindano kwa kuuamini mzizi. Akisema, huenda mlango ukang'oka tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akasema.

"Hukunywa mzizi, mdogo wangu. Ulikunywa shubiri. Niliipika mimi."

"Acha utani."

"Kwa mikono hii hii."

Kijana aliitazama mikono ile iliyopasuka kwa sabuni, akaitazama mno, hata mgeni akainamisha macho. Kisha akacheka kwa furaha tupu.

"Kumbe! Tunahangaika kutwa kucha, dawa tunayo nyumbani! Basi utanipikia wewe. Sindano ya nini?"

"Sindano ndiyo iliyokushika, wewe!"

"Nilikuwa nachomwa sindano hiyo hiyo, dada, na mlango niliung'oa."

Mdogo wake akajitwika sufuria, akatoka.

"Kuna maji mtungini," mpishi alimwambia mgeni, akitundika aproni msumarini. "Suuza mdomo."

Akamkimbilia ndugu yake njiani. Mgeni, pale benchini, alimsikia akiita: "Jumatatu nakupeleka mwenyewe kwenye sindano! Unasikia?"

Aliyeitwa alianza kupiga mluzi, akiipigia ngoma sufuria iliyokuwa kichwani.