Samaki Aliyegoma Kula

Mama Vifungo, kama wateja walivyomwita, alikuwa fundi cherehani, na kando ya meza yake ya kukatia vitambaa aliweka tangi la kioo. Ndani yake waliishi samaki wawili wa manjano, dume na jike, walioletwa na shemeji yake, fundi wa injini za boti kule ziwani.

Siku moja jike akagoma kula. Kidevu kilimvimba, mdomo kaufumba kabisa. Wiki ya tatu ilipoingia, wateja walimshauri amtupe. Mama Vifungo, ambaye hakukata tamaa hata na suruali iliyoungua pasi, akapiga simu.

"Shemeji, samaki wako ananifia."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Hafi huyo. Ana watoto mdomoni. Hata ziwani majike hujificha kwenye mawe, wakalea bila kula. Mwache tu."

Alhamisi asubuhi, akipinda gauni la bibi harusi, aliona mdomo ukifunguka. Vikatoka visamaki vidogo kama punje za mchele. Alipoinuka ghafla, kiti kikaanguka, na vyote vikakimbilia tena mdomoni mwa mama yao.

Mama Vifungo akaketi sakafuni taratibu, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kisha akampigia bibi harusi.

"Mwanangu, gauni utalipata kesho. Leo nina mzazi hapa."

Bibi harusi hakununa. Jioni alikuja na dada zake watatu, wakajipanga mbele ya tangi, wakiongea kwa kunong'ona.