Raha za Ufukweni

Wiki iliyopita, pale bomani Lindi, mama mmoja alikuja kuomba kaburi la mwanawe lililo ufukweni lisihamishwe. Bwana Shauri, Mwingereza anayetawala wilaya, amekusudia kuugeuza ufuo ule uwe wa kuogelea, kama wa kwao Uingereza. Karani alimwonyesha mama picha: viti vya turubai, gati lenye wapiga muziki, watoto wamepanda punda mchangani.

"Unaiona raha hiyo, mama?"

Mama aliisogeza picha karibu na macho.

"Punda hawa wanamkanyaga nani, mwanangu?"

"Hapo chini hakuna mtu, mama."

"Basi heri yao. Kwetu yumo mtoto."

Karani, Mwislamu mwenzake, aliinamisha uso.

Mimi ni mwalimu, na darasani huwaambia watoto kwamba swali jema halikosi jibu. Mama huyu alijibiwa na karani kwa sauti ya chini: "Njoo Alhamisi na sanda mpya ya kumhamishia mtoto."