Hati Iliyovunjika

Shangazi yangu amepiga pasi mashuka ya hoteli moja kwa miaka kumi na tisa, na Kiingereza chake chote amekitoa redioni. Nasema chote. Shuleni alikaa mpaka akajua kusoma na kuandika, kisha wakapelekwa wadogo zake, yeye akabaki nyumbani na vyombo. Redio yenyewe iko juu ya rafu ya mataulo, imefungwa kwa kamba ya nailoni isije ikaanguka mashine za kukamulia zinapotetemeka. Ukianza wimbo wa Kiingereza, shangazi husimamisha pasi, huchomoa penseli kwenye kitambaa cha kichwa na daftari kwenye mfuko wa aproni, akaandika anachokisikia. Anaandika kwa masikio. Tahajia yote ni ya Kiswahili, na kurasa zimejikunja kwa mvuke.

Mimi nashona mashuka yaliyochanika kwenye kona ya chumba hichohicho. Nina cheti cha sekondari, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kikubwa. Nilimcheka sana. Nyimbo hazimfundishi mtu mambo ya dukani. Zinamfundisha kuomba msamaha, kungoja mvuani, kupiga simu isiyopokelewa. Niliwaambia wenzangu kwamba kwa Kiingereza chake shangazi anaweza kuachana na mume, ila hawezi kununua sabuni. Naye alisikia, akacheka kuliko wote.

Misemo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Siku moja mwimbaji alilalamika kwamba bibi harusi hakutokea kwa sababu miguu yake ilikuwa na baridi.

"Si wangempa soksi?" shangazi akauliza.

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo wanavyosema mtu akiingiwa na woga dakika ya mwisho. Akaiweka pasi pembeni, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu, kwa heshima kabisa.

"Sisi tukiogopa tunasema tumbo joto, wao wanasema miguu baridi," akasema. "Ukituunganisha tunakuwa mtu mmoja mwenye homa."

Sikuwa nimewahi kuliona hilo, na shule nilisoma mimi.

Lakini kuna neno moja sikumsahihisha. Neno la Kiingereza la moyo, likiimbwa, kwa sikio letu hutoka "hati". Na daftari lake lilijaa hati kila ukurasa. Yeye aliamini ni hati hii yetu, karatasi yenye muhuri. "Yu stoli mai hati": mtu kaibiwa hati. "Mai hati is brokeni": hati imevunjika, maana yake imechanwachanwa kiasi cha kutosomeka. "Botomu ofu mai hati": chini kabisa ya hati, pale panapowekwa sahihi. Na ulipopigwa wimbo wenye "chenji ofu hati", alitikisa kichwa akaniambia, "Hapo mwanamume kabadilisha jina kwenye hati ya nyumba, na mkewe hana habari."

Ningemsahihishaje? Mumewe alipofariki, siku ya nne tu shemeji zake walikuja wakalibeba sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na hati ya nyumba na hati ya shangazi ya kuajiriwa. Nyumba ikaenda hivyo. Yeye akaja kukaa kwetu na begi moja, na kwa miezi mitatu hatukuona chozi lake. Alilia kwa mara ya kwanza mezani kwake, pasi mkononi, redio ikiimba kuhusu hati iliyoibwa.

"Kumbe na wenzetu wanadhulumiwa," aliniambia huku akijifuta kwa foronya. "Mpaka wanaimba."

Nilikosa moyo wa kumwambia.

Mwaka huu hoteli ikapata meneja mpya, mama mrefu wa miwani aliyetoka mbali na asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Wiki ya pili akabandika tangazo: kila mfanyakazi alete hati ya kuajiriwa kabla ya Ijumaa, asiye nayo hana kazi. Faili za zamani zilikuwa zimeoza tangu bomba lilipopasuka stoo, kwa hiyo hapakuwa na nakala. Wenzetu wote walileta zao. Shangazi alifika Ijumaa mikono mitupu, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi.

"Nitakusemea," nikamwambia kwenye foleni, nje ya ofisi ya meneja.

"Usinisemee. Nikikosea, nikosee kwa mdomo wangu. Wewe simama tu nyuma yangu."

"Lakini shangazi, lile neno hati..."

"Hilo nalijua kuliko yote, mwanangu."

Mlango ukafunguliwa. Tumbo langu lilikuwa joto na miguu yangu baridi, ile homa nzima.

Meneja hakuinua macho. Akauliza karatasi iko wapi. Shangazi akafuta viganja kwenye aproni, ingawa vilikuwa vikavu.

"Mai hazibandi dai," akasema. "Hizi braza kam. Dei stoli mai hati."

Kalamu ya meneja ikasimama.

"Mai hati is brokeni."

Nikafumba macho. Nilitaka sakafu inimeze, kwa aibu yake na kwa uoga wangu mimi niliyenyamaza miaka yote hiyo.

"Naintini yia hia," shangazi akaendelea, akionyesha chini, kule kwenye pasi zake. "Pliz. Hevu a hati."

Hilo la mwisho alilitoa kwenye wimbo wa mtu aliyefungiwa mlango. Yeye alidhani ni kuwa na hati, na alichotaka kusema ni kwamba naye awe nayo, aandikiwe nyingine. Kwa Kiingereza ndivyo hasa mtu anavyoombwa awe na huruma. Shangazi yangu alikuwa amesimama mbele ya mgeni, bila kupepesa, akamwambia kwamba mumewe alikufa, ndugu zake wakaja wakamwibia moyo, moyo wake umevunjika, amefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, na anaomba huruma. Mimi na cheti changu tungekaa wiki nzima tusingeyapata maneno yale.

Meneja alivua miwani. Akamtazama shangazi, kisha mikono yake yenye makovu ya pasi. Akaniuliza mimi swali moja tu, shangazi alianza kazi mwezi gani, nikajibu. Akavuta karatasi yenye jina la hoteli, akaandika kwa mkono mistari minne, akagonga muhuri. Kisha akasimama, akazunguka meza, akampa kwa mikono miwili.

Kwenye korido shangazi alikuwa anang'aa.

"Umeona? Nimeomba hati, nimepewa hati. Nawe unaicheka redio yangu!"

Hapo sikuweza tena kukaa kimya. "Shangazi, nisamehe. Kwao hati si hati. Ni moyo. Wanaimba kuhusu moyo."

Alisimama. Akatoa daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole taratibu huku midomo ikicheza, akiiondoa hati na kuutia moyo, mstari baada ya mstari. Umeniibia moyo. Kutoka chini kabisa ya moyo wangu. Akageuza ukurasa, na mwingine. Watu walitupita na matoroli ya mataulo.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

Nilingoja kofi, au kicheko. Macho yake yalikuwa makubwa, kama ya mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake mwenyewe asichowahi kukijua.

"Kwa hiyo mle ndani nimemwambia wameniibia moyo, na moyo wangu umevunjika."

"Ndiyo, shangazi."

Akaikunja ile karatasi mpya mara mbili, akaitia katikati ya daftari.

"Basi sikukosea," akasema, akaenda kuwasha pasi.