Simu ya Marehemu Oloo

Mbodze alitunza seva za kampuni ya mizigo karibu na Liwatoni. Jumatatu moja masasisho ya usalama yalikataa kupakuliwa. Alikagua mtandao, akakagua nafasi kwenye diski, hakuona kasoro. Ndipo akagundua kwamba akaunti ya kupakulia ilikuwa bado ya Oloo, fundi mwenzake aliyefariki mwezi uliopita, na namba ya kuthibitisha ilitumwa kwenye simu ya marehemu.

Akampigia Rispah, mjane wa Oloo. “Samahani shemeji, simu ya marehemu ingalipo?”

“Ipo. Naichaji kila siku.” Rispah akamsomea namba ile polepole. “Tangu tumzike haikuwa imelia hadi leo. Zitakuja nyingine?”

“Huenda,” Mbodze akasema.

Masasisho yakashuka. Kisha, kama kazi ilivyotaka, akalifuta jina la Oloo na namba yake ya simu kwenye akaunti huku akilia.