Nilimuuliza Jirani Anawalisha Nini Wanangu

Kosa ni langu. Nalitanguliza mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kumtafuta mkosaji mwingine, maana mimi mwenyewe nilimtafuta siku nyingi na sikumpata.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mama wa watoto wawili. Sikusoma popote ila chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Herufi za kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa vipande vya magazeti ambavyo mwenye duka alifungia sukari. Mtu aliyejifundisha hivyo huwa na ugonjwa mmoja: huamini kila kilichopigwa chapa.

Tangu vita vya Hitla viishe tulikaa Mombasa, Majengo, mume wangu akifanya kazi bandarini. Mwaka jana ami yake alifariki akamwachia shamba la minazi huku Msambweni. Tukavuka Likoni na vitanda, watoto, saa ya ukutani na kijitabu changu cha malezi. Kijitabu kilisema mtoto ale kwa saa, alale kwa saa, na asile chakula cha jiko usilolijua. Nikaandika ratiba, nikaibandika mlangoni. Niliiandika upya mara nne kwa sababu mistari ilipinda.

Jirani yetu ni mjane. Nitamwita Bi Mwanasiti, ingawa silo jina lake. Wanawe wamekua wakaenda zao, naye anakaa peke yake. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri hutandika mkeka uani akaweka sinia moja la wali au mihogo ya nazi, na watoto wa jirani wote huja kula. Hawaalikwi. Huku mtoto akikukuta unakula, naye amekula.

Siku ya pili tu alituletea sahani ya mihogo na mchuzi wa papa. Nikampa paka. Sahani nikaisugua kwa maji ya moto na majivu mpaka ikang'aa, nikairudisha.

"Sahani ya jirani hairudi tupu," mume wangu akaniambia.

"Haikurudi tupu. Imerudi safi."

Alichukua panga lake akaenda shambani.

Wanawake wa kisimani hawakukawia kunipa jina. Niliitwa Mama Saa.

"Mama Saa, tukikusalimu sasa hivi tutakuwa tumechelewa?"

"Mwache mwenzio. Zamu yake ya kucheka ni Ijumaa."

Nikajiambia ni wivu.

Kilichonitia hofu kwelikweli ni Hamisi, mwanangu mdogo wa miaka miwili. Alikataa uji wa saa nne, akakataa wali wa saa saba. Alikonda hata ukaweza kuzigusa mbavu zake moja moja. Nilikisoma kijitabu upya, nikaona kinasema nizidi kushika saa. Nikazidi.

Baada ya kama mwezi hivi mtoto akaanza kunenepa, na chakula changu bado alikuwa akikionja tu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikwenda kisimani kufundisha. Nilisimama pale na debe langu la maji nikawaeleza wenzangu faida ya kumlaza mtoto saa saba na nusu barabara. Walinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Mashallah," akasema mmoja. "Kumbe usingizi nao unashibisha." Wenziwe wakajifunika kanga midomoni.

Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. Nikishawalaza watoto chumbani, nami nikajinyoosha na kijitabu changu, Rukia, binti yangu mkubwa wa miaka minne, alikuwa akimshika nduguye mkono wakatokea mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi kwenye sinia la Bi Mwanasiti.

Alhamisi moja niliwakuta. Hamisi amepakatwa na Bi Mwanasiti, wali umempanda mpaka kwenye nyusi. Kando yao wanawake watatu wanasukana nywele. Mama mwingine angelia kwa furaha. Mimi nilikumbuka yale mafundisho yangu ya kisimani, aibu ikanipanda, na aibu ikikupanda hutafuta mtu wa kumwangukia.

Nikasema kwa sauti, "Unawalisha nini wanangu kwa siri?"

Kama wewe ni mtu wa Pwani, najua hapa umeliweka gazeti chini. Kama si wa Pwani, nikueleze. Mwanamke mzima anayekaa peke yake, ukimuuliza mbele za watu anawalisha nini watoto wa wenzake kwa siri, hujauliza swali. Umemwita mchawi. Na mimi nimezaliwa Pwani hii hii, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mmoja wa wale wanawake alimwinua mwanawe kwenye mkeka. Bi Mwanasiti alimpangusa Hamisi mdomo kwa ncha ya kanga, akanipa.

"Mchukue, mwanangu. Na hicho kitabu chako kikikwambia nilimlisha nini, uje uniambie na mimi."

Kuanzia siku ya pili yake sinia lilikaa mkekani bila mtoto hata mmoja. Hakuna aliyesema neno. Ni kwamba kila mama sasa alikuwa na kazi ya kumtuma mwanawe saa ile ile. Hamisi akarudi kukonda, akilia mlangoni na kunionyesha njia kwa kidole.

Siku ya tisa nilikwenda kuomba radhi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

Nililia, naye akaningoja nimalize.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Lakini mimi hukuniambia jambo, maana najijua. Walioambiwa ni wale. Nenda kwao."

Ndipo nikaanza kupiga hodi. Nyumba kumi na mbili, zote ambazo watoto wao walikuwa wakila kwenye sinia lile. Kila nyumba nilikalishwa, chakula kikaletwa, na macho yote yakatazama mkono wangu.

"Nitajuaje kama umepona, Mama Saa," mmoja aliniuliza, "na wewe huli kwa watu?"

Nikala. Nilikula kisamvu, nikala samaki wa ng'onda, nikatia mkono kwenye sinia lenye mikono sita ya watoto waliotoka kucheza mchangani. Kati ya tonge na tonge nilisema: nilimsingizia Bi Mwanasiti, yeye ndiye aliyemponya mwanangu.

"Leo umekula nyumba ngapi?" mume wangu akaniuliza.

"Tano."

"Na ratiba inasemaje?"

Nyumba kumi na moja ziliniamini, au zilinihurumia. Watoto wakarudi mkekani, wangu wakiwa wa kwanza. Katika ile ya kumi na mbili, yenye watoto watatu, mama mtu alinipokea vizuri, akanilisha vizuri. Akasema, "Mimi nakuamini, mwenzangu. Lakini baba yao hataki."

Mama unayehamia shamba, njoo na saa yako, njoo na kijitabu, soma, kusoma si dhambi. Lakini ukimwona mwanao ananenepa na hujui sababu, shukuru kwanza. Na ikiwa ni lazima uulize, uliza kwa sauti ya chini. Bi Mwanasiti hajapunguza kipimo chake cha mchele. Watoto wakishashiba na kuinuka, upande mmoja wa sinia hubaki wali wa kuwatosha watoto watatu, na mpaka leo hakuna anayeugusa.