Kilometa Kumi na Mbili za Sebuleni

Mume wangu Yosefu ni katekista, na kwa miaka thelathini na moja kazi hiyo ameifanya kwa baiskeli. Naanza na hilo ili mjue kwamba sina ugomvi na baiskeli. Ugomvi wangu ni na ile iliyoingia sebuleni kwangu mwaka jana, na zaidi ni na watu waliokuja kuitazama. Mpaka leo nikiwakumbuka chakula kinanishinda.

Mwezi wa tatu lori la mbao lilimsukumia mtaroni akitoka kwenye kigango chake, kanisa dogo la mbali ng'ambo ya kijiji cha Kichiwa. Goti la kulia likapasuliwa, likawekwa vyuma. Alipotolewa hospitali, kijana wa mazoezi ya viungo alimwambia kwamba asipolikunja kila siku litaganda. Apige pedeli, lakini asiguse barabara mpaka mfupa ukomae, na mfupa wenyewe usingekomaa kabla ya mwezi wa kumi na moja.

Na mwenyekiti wa kamati ya parokia, Lukas, hakusubiri hata nyuzi zitolewe. Alisema kikaoni kwamba kigango hakiwezi kukaa bila mtu, na kwamba Brayson ana pikipiki na afya njema. Brayson ni mtoto wa dada yake. Hilo hakulisema, maana kila mtu alilijua. Yosefu akaomba apewe muda mpaka mwezi wa kumi, athibitishe kwamba goti litafanya kazi, na kamati ikakubali. Watu wa kule amewafundisha wao, amewafundisha watoto wao, amewazikia wazee wao kwenye matope. Kumnyang'anya kigango kile kulikuwa sawa na kumwambia akae nyumbani asubiri kufa.

Basi tukaenda kutafuta mashine ya kukunjia goti. Hapa Makambako yupo Remmy, anayeuza vitu vya kontena karibu na njia panda, na alikuwa nazo za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa baiskeli isiyo na magurudumu, kama ile ya hospitalini. Yosefu alikaa, akasukuma pedeli mara nne kwa mguu mzima tu, akashuka.

"Hii haina tabia ya baiskeli," akasema.

Ya pili ilikuwa mabomba matatu yanayozunguka. Unapandisha baiskeli juu yake na hakuna kinachokushika. Remmy akasema waendeshaji wa mashindano wanaipenda sana. Nikamwambia huyu ana vyuma gotini, atuonyeshe ya watu wenye akili. Ya tatu ilikuwa stendi. Unabana ekseli ya nyuma, gurudumu linainuka, halafu tairi linakandamizwa na rola yenye sumaku inayolifanya liwe zito kama mtu anapanda kilima. Unatumia baiskeli yako mwenyewe. Yosefu akaipapasa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Ila baba, weka tairi laini," Remmy akamwambia. "Hili lako la meno litasagika."

"Tairi langu bado zima," Yosefu akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwanaume wa Kibena hatupi tairi zima.

Mimi ni fundi cherehani, na sebule yangu ndiyo ofisi yangu. Siku ya tatu tu nilikuta vumbi jeusi la mpira kwenye gauni jeupe la komunyo ya kwanza. Nilipolipangusa likaacha mstari. Siku ya tano lilikuwa kwenye vitambaa vya makochi, kwenye sukari, puani mwangu. Madirisha hayafunguliki kwa upepo wa Makambako wa mwezi wa saba, kwa hiyo harufu ya mpira ulioungua ililala na sisi, ikaamka na sisi. Chai ilikuwa na ladha ya tairi. Chini ya baiskeli jasho lake lilidondoka, likachanganyika na lile vumbi, likawa tope la kunata ambalo nililikwangua kwa kisu huku nimegeuza uso pembeni.

"Baba Angela," nilimwambia siku moja, "mimi napiga pedeli ya cherehani miaka ishirini, lakini angalau inatoka nguo."

"Na mimi litatoka goti, Mama Angela," akasema.

Sikucheka, ingawa nilitaka. Nilikuwa nimeona mwenyewe wiki za mwanzo, jinsi alivyoshindwa kumaliza hata mzunguko mmoja. Alikuwa akisukuma mbele kidogo, anarudisha nyuma, mbele, nyuma, meno yamekazana. Mwezi wa nane mzunguko ukakamilika. Mwezi wa tisa nikamkuta anaimba huku anakanyaga. Remmy akamletea kidude cha kuhesabia kilometa, tukakifunga kwenye usukani.

Mwezi wa kumi Yosefu akapeleka taarifa kwamba goti liko tayari. Lukas akauliza watamwaminije mtu ambaye daktari bado amemkataza barabara. Halafu akapata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha sana. Kutoka kwetu hadi kigango ni kilometa kumi na mbili. Kamati ije nyumbani, imwone akizimaliza pale pale sebuleni. Nilitegemea Yosefu akatae. Alisema karibuni.

Walikuja watatu: Lukas, katibu Mama Juliana, na Mzee Yohanes, ambaye ni baba wa ubatizo wa nusu ya parokia.

"Kamwene, mama," Lukas akanisalimu, macho yake yakiwa tayari jikoni.

Wageni ni wageni. Nilikuwa nimechinja kuku, nimepika chapati. Nikawakaribisha kwenye makochi, wakaegemea, na hatua mbili mbele yao mume wangu, mtu wa miaka hamsini na tisa, akapanda baiskeli na kuanza kutoka jasho.

Sijui kama mmewahi kuona kitu kama kile. Wanatafuna, yeye anahema. Lukas alikuwa akinyonya mfupa mpaka unapiga mluzi, halafu anainuka, anakipangusa kidude kwa kidole chenye mafuta ili asome namba. "Sita," anatangaza, anarudi kwenye paja lake la kuku. Mama Juliana aliandika namba kwenye daftari na kuomba pilipili. Harufu ya mpira ilikuwa imejaa chumba kizima na wao walikula tu. Nilisimama mlangoni na birika mkononi.

Ikafika kumi na mbili. Yosefu akaacha kukanyaga, akaweka paji la uso juu ya mkono wake. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka wenyewe.

Lukas alikuwa anachokoa meno. "Na kurudi je, Katekista?" akasema. "Maana kule hatutaki ulale."

Mama Juliana akacheka kidogo, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nikamwangalia Yosefu nikimwomba kwa macho ashuke, awaambie waende zao. Akaanza kukanyaga.

Hapo nikafanya nilichofanya. Nilijifanya nakusanya sahani, nikapita nyuma ya baiskeli, nikainama, nikalegeza ile skrubu inayokandamiza rola. Nusu mzunguko tu. Gurudumu likawa jepesi, na kidude kikaendelea kuhesabu kama kawaida. Wale wa kwenye makochi wangejuaje? Ningewadanganya mpaka watoke mlangoni, na kwa padri nisingeungama.

Yosefu alikanyaga mara tano, sita. Akanitazama. Kisha akasimama, akashuka polepole, akapiga goti lile lile la vyuma sakafuni, juu ya tope lake, akakaza skrubu mpaka mwisho.

"Kuna tatizo?" Lukas akauliza.

"Ilikuwa imelegea," akasema, akapanda tena.

Nikajionea kinyaa mimi mwenyewe. Niliweka sahani chini, nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani, sikumhudumia mtu tena. Walipoishiwa na chakula walikosa pa kuangalia, ikabidi wamwangalie yeye. Kilometa ya kumi na tisa Mzee Yohanes akasema, "Lukas, inatosha."

"Zimebaki tano," Lukas akasema.

Zikaisha. Yosefu akashuka akishikilia ukuta. Lukas akasimama, akanyoosha mkono, anatabasamu kama mtu aliyetoa zawadi. "Hongera, Katekista. Kigango ni chako."

Yosefu hakuushika ule mkono. Kwa miaka thelathini na moja nimewapikia walevi aliowaleta, wagonjwa, watu waliomwibia mahindi na kurudi kuomba chumvi. Sijawahi kumsikia akimfungia mtu mlango.

"Asante, mwenyekiti," akasema. "Mfupa ukikomaa nitaenda. Ila hapa kwangu usikanyage tena."

Nikainuka nikawafungulia mlango.